Simbilisi mgeni anapiga chafya: usubiri, umtunze nyumbani au umpeleke kwa daktari?

Simbilisi aliyeingia nyumbani wiki hii ameanza kupiga chafya. Pua imelowa, na nyasi kavu ulizomwekea jana usiku zimeguswa kidogo tu. Mbele yako kuna njia nne: kusubiri uone, kumhudumia mwenyewe, kumpeleka kwa daktari wa mifugo, au kumrudisha kwa aliyekuuzia. Kila moja ina mahali pake, lakini hazina uzito sawa, na kinachozitofautisha zaidi ni saa. Mnyama huyu hupumua kwa pua, kwa hiyo pua ikiziba anashindwa kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja. Akiacha kula kwa nusu siku, utumbo wake huanza kusimama. Wengi huanza na mafua wakamalizwa na tumbo.

Wageni huugua kuliko wenyeji kwa sababu zinazoeleweka. Amesafirishwa, amechanganywa na wanyama wa mabanda mengine, chakula kimebadilika ghafla, na mara nyingi vitamini C ilikuwa pungufu tangu huko alikotoka. Bakteria wanaohusika zaidi ni Bordetella bronchiseptica na Streptococcus pneumoniae, na wote wawili wanaweza kukaa puani mwa simbilisi anayeonekana mzima kabisa. Msukosuko wa safari ukishusha kinga, bakteria hupanda. Ndiyo maana mnyama aliyekuwa mchangamfu siku ya kununuliwa anaweza kuwa hoi siku ya saba, na mwuzaji asiwe amekudanganya.

Ni ugonjwa, vumbi au woga?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu jibu lake linaamua kama kusubiri kunafaa au ni kupoteza muda.

| Unachokiona | Vumbi | Woga wa ugeni | Maambukizi |
|---|---|---|---|
| Chafya | Hapa na pale, hasa akijichimbia kwenye nyasi au baada ya kubadilishiwa matandiko | Hakuna | Nyingi, hata akiwa ametulia |
| Pua | Kavu, au umajimaji mwepesi usio na rangi | Kavu | Ukoko, kamasi nyeupe, njano au kijani |
| Macho | Angavu | Yametoka pima | Yamefumba nusu, yana machozi au matongotongo |
| Kula | Kama kawaida | Hali mbele yako, ila usiku chakula kinapungua | Anapunguza au anaacha |
| Uzito | Haushuki | Hushuka kidogo siku ya kwanza kisha hutulia | Unashuka kila siku |
| Ukimsogelea | Anachangamka | Anatimua mbio kujificha | Amejikunyata, manyoya yamesimama, hajali |

Mstari wa mwisho ndio unaowapotosha watu. Simbilisi mwenye siku tatu nyumbani anayekubali kushikwa bila kupapatika husifiwa kuwa mpole. Mgeni mzima anatakiwa kukimbia. Anayekaa tu ukamwokota kama mpira, mwangalie mara mbili.

Kuna mambo mawili ya kawaida yanayofanana na ugonjwa. La kwanza ni umajimaji mweupe kama maziwa unaotoka machoni kwa sekunde chache: anautumia kunawa uso, na hukauka wenyewe. La pili ni chafya mbili tatu kwa siku, hasa anapojisafisha. Kwa upande mwingine, kuna dalili ambayo wengi hawaiangalii kabisa: upande wa ndani wa miguu ya mbele. Simbilisi mwenye mafua hufuta pua kwa miguu hiyo, na manyoya ya pale hushikamana na kukauka kama yaliyopakwa gundi. Pua inaweza kuonekana safi unapoichungulia kwa sababu ametoka kuifuta sasa hivi. Miguu inasema ukweli.

Halafu msikilize. Mpakate akiwa ametulia, bandika sikio lako ubavuni mwake, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, kulia kisha kushoto. Pumzi nzuri ni laini na karibu haisikiki. Mlio wa kukwaruza, wa kububujika au wa kupasuka-pasuka kama mafuta kwenye kikaango unamaanisha kuna majimaji kifuani. Hesabu pia pumzi zake: tazama ubavu ukipanda na kushuka kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Aliyetulia huwa kati ya 40 na 100 hivi kwa dakika. Akiwa juu ya hapo bila kukimbizwa wala joto, au ubavu unaingia ndani kwa nguvu kila anapovuta hewa, usiendelee kusoma, tafuta daktari.

Kama unashuku vumbi, lijaribu. Toa maranda yote, tandika kitambaa kisafi, kung'uta nyasi nje ya nyumba kabla ya kuziweka ndani, na usipulizie manukato wala dawa za mbu kwenye chumba hicho. Chafya za vumbi hupungua sana ndani ya siku moja. Jaribio hili ni la simbilisi anayekula vizuri tu na ambaye uzito wake haushuki. Kwa aliyeacha kula, siku moja ya majaribio ni siku moja uliyomnyima matibabu.

Njia nne zikiwekwa pamoja

*Kusubiri* kunafaa kwa safu za vumbi na woga wa ugeni kwenye jedwali, na kikomo chake ni saa 24. Kusubiri kwenyewe kuna kazi: mizani ya jikoni inayosoma gramu, asubuhi na jioni, kabla ya kumpa mboga, na namba ziandikwe. Kupanda na kushuka kwa gramu 10 au 20 ni kawaida, kutegemea kama ametoka kula au kukojoa. Simbilisi wa gramu 500 akipoteza 25, mpigie daktari. Akipoteza 50, yaani asilimia 10, hiyo ni dharura hata kama bado anapiga kelele akisikia mfuko wa mboga. Na kwa kuwa wengi huuzwa wakiwa bado wadogo, kumbuka kwamba mtoto anatakiwa kuongezeka kila wiki. Mtoto ambaye uzito wake umesimama palepale kwa siku tano, mhesabu kama anayepungua.

*Huduma ya nyumbani*, yaani joto la wastani, mvuke, vitamini C na kulishwa kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe), ina thamani kubwa sana, lakini haiui bakteria. Inampa mgonjwa nguvu ya kufika kwenye dawa na ya kuivumilia. Anayeichagua badala ya daktari kwa mnyama mwenye kamasi za rangi anacheza kamari, kwani maambukizi ya pua kwa mnyama huyu hushuka mapafuni haraka. Nimonia ikishakamata pande zote mbili, hata dawa sahihi inaweza isimwokoe.

*Daktari* ndiye chaguo mara tu unapoona lolote kati ya haya: kamasi zenye rangi, mlio kifuani, chakula kupungua kwa nusu, au uzito kushuka siku mbili mfululizo. Shingo iliyonyooshwa mbele, kupumua kwa mdomo na ufizi wenye rangi ya bluu au kijivu ni mambo ya kumtoa nyumbani dakika hiyohiyo, usiku au mchana. Si kila daktari wa mifugo amezoea wanyama wadogo, na wengi ni mabingwa wa ng'ombe na mbwa. Kabla ya kwenda, piga simu uulize swali moja: kwa simbilisi mwenye mafua huwa unaanza na dawa gani? Ukitajiwa amoksilini au penisilini ya kunywa, shukuru kwa adabu na utafute mwingine. Sababu iko hapo chini.

Nenda na daftari la uzito, punje chache za kinyesi kwenye karatasi, na orodha ya kila ulichompa. Mweke kwenye boksi lenye nyasi na kipande cha tango cha kumpa maji njiani. Daktari atasikiliza kifua, atapima joto la mwili (la kawaida ni kati ya nyuzi 37.2 na 39.5 za Selsiasi) na ataangalia meno, maana jino lililoota vibaya huleta machozi na kuacha kula bila mafua yoyote. Eksirei inasaidia kutenganisha nimonia na moyo mgonjwa, ingawa kwa simbilisi mchanga moyo si mtuhumiwa wa kwanza. Kipimo cha kuotesha bakteria kutoka puani hutoa jibu bora kuliko yote kuhusu dawa, ila huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo kipimo kinachukuliwa, na dawa inaanza siku hiyohiyo.

*Kumrudisha* kunavutia kama kuna dhamana ya afya, na hakuna aibu kuidai. Pima hata hivyo: safari ya pili ni msukosuko wa pili, na huko anakorudi huenda ndiko alikoambukizwa. Njia iliyo nzuri kuliko kurudisha mnyama ni kumjulisha mwuzaji mara moja kwa maandishi na picha, umwambie awaangalie waliobaki, na ujadiliane naye kuhusu gharama ya matibabu. Ukichagua kumrudisha, mrudishe siku ya kwanza ya dalili, si ya tano.

Dawa zinazotumika, na zinazoua

Utumbo wa simbilisi unaendeshwa na bakteria wazuri wa kundi fulani, na antibayotiki zenye nguvu hasa dhidi ya kundi hilo huwafagia. Nafasi iliyobaki huchukuliwa na Clostridioides difficile, ambaye sumu yake huleta kuhara na kifo ndani ya siku chache. Dawa zenye hatari hiyo ndizo zilizo karibu zaidi na mkono wa mtu: penisilini, ampisilini, amoksilini (pamoja na ile iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki), klindamaisini, linkomaisini, erithromaisini, oksitetrasaiklini, na sefalosporini za kunywa. Streptomaisini ina sumu yake ya moja kwa moja. Kwa hiyo sharubati ya mtoto iliyobaki kabatini, au unga wa oksitetrasaiklini wa kuku, si "bora kuliko kukaa bure". Kukaa bure ni salama zaidi.

Hizi ndizo ambazo daktari huchagua kati yake. Vipimo ni vile vinavyotumika kwa kawaida, kwa kila kilo ya mwili. Vinakusaidia kukagua cheti cha dawa, havichukui nafasi yake.

| Dawa | Kipimo cha kawaida | Nguvu yake | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|
| Trimethoprimu na salfa | mg 15–30 kila saa 12 | Huvumiliwa vizuri, hata na wadogo; sharubati yake hukubalika mdomoni | Bordetella wengine hawaisikii; mgonjwa lazima awe anapata maji |
| Enrofloksasini | mg 5–10 kila saa 12 | Kali kwa Bordetella | Dhaifu kwa Streptococcus, chungu, tahadhari kwa wanaokua kwa sababu ya gegedu za viungo |
| Doksisaiklini | mg 2.5–5 kila saa 12 | Hufanya kazi vizuri ikiunganishwa na enrofloksasini | Haifai kwa wenye mimba na watoto |
| Azithromaisini | mg 15–30 mara moja kwa siku | Hujikusanya vizuri mapafuni. Dozi moja tu kwa siku | Ikilainisha kinyesi inasimamishwa |
| Kloramfenikoli | mg 30–50 kila saa 8 hadi 12 | Hufika kwa bakteria wa aina zote mbili | Vaa glavu: kwa binadamu wachache huharibu uboho |

Kwa mnyama mdogo mwenye mafua ya juu tu, anayekula, trimethoprimu na salfa ni mwanzo wa busara: haina ukali, na mtoto haathiriki viungo. Kwa aliyeshikwa kifua, busara hiyo inageuka uzembe. Hapo enrofloksasini, peke yake au pamoja na doksisaiklini, ina haki ya kuanza, na hofu ya gegedu inakuwa ya pili baada ya hofu ya kifo. Kama kipimo kimeonyesha Streptococcus, enrofloksasini si ya kuitegemea. Azithromaisini au kloramfenikoli ndizo za kujadiliwa.

Angalia hesabu ya mililita, kwani makosa mengi hutokea hapo. Simbilisi wa gramu 600 kwa kipimo cha mg 10 kwa kilo anahitaji mg 6. Enrofloksasini ya kunywa ya asilimia 2.5 ina mg 25 ndani ya mililita 1, hivyo dozi ni mililita 0.24. Ile ya asilimia 10 inayotengenezwa kwa ajili ya kuku ina mg 100 kwa mililita, na dozi inakuwa 0.06, kiasi ambacho huwezi kukipima kwa uhakika kwa bomba la kawaida. Zaidi ya hapo, dawa hiyo ni kali mno mdomoni bila kuzimuliwa. Ukipewa hiyo, mwombe daktari aizimue yeye mwenyewe na aandike kipimo kipya kwenye chupa.

Dawa hupitishwa mdomoni, kwa sindano, au kwenye maji ya kunywa. Njia ya maji ndiyo rahisi na ndiyo mbovu kuliko zote: mgonjwa hunywa kidogo, ladha ikimchukiza anaacha kabisa, na hujui amepata kiasi gani. Sindano inamfaa aliye hoi kiasi cha kutomeza, lakini enrofloksasini ikirudiwa chini ya ngozi huacha vidonda. Kwa wengi, mdomo kwa bomba dogo ndiyo njia.

Muda wa dawa kwa kawaida ni siku 10 hadi 14, na nimonia huweza kufika wiki tatu. Mabadiliko yanatakiwa kuonekana ndani ya saa 48 hadi 72: kula kwanza, kisha pua, chafya mwishoni. Bila mabadiliko kufikia siku ya tatu, dawa ibadilishwe au iunganishwe na nyingine, na uamuzi huo ni wa daktari. Kuacha dawa siku ya tano kwa sababu pua imekauka ndiko kunakoleta mafua yanayorudi, safari hii kwa bakteria waliozoea dawa. Kinyesi kikilainika kidogo, ongeza nyasi, punguza mboga za maji na umjulishe daktari. Akihara maji, dozi inayofuata isitolewe kabla ya kuongea naye.

Nebulaiza, mvuke wa bafuni, au usimfanyie kitu?

Kulainisha kamasi kunasaidia kweli, kwa sababu pua ikifunguka mnyama anakula. Nebulaiza, yaani mashine inayogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta, ndiyo bora: ukungu wake ni mwembamba kiasi cha kufika ndani, na hauna joto. Weka mililita 3 hadi 5 za maji ya chumvi safi ya asilimia 0.9 yanayouzwa famasi, mweke mgonjwa kwenye boksi la kusafiria, funika kwa taulo ukiacha upande mmoja wazi hewa ipite, endesha dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya hapo futa pua kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kisha ndipo umlishe. Ukipanga kinyume, unamlisha mnyama aliyeziba pua.

Mvuke wa bafuni ni wa kukosa nebulaiza. Fungulia maji ya moto hadi chumba kiwe na unyevu, zima, halafu ndipo uingie naye kwa dakika 10, mkae mbali na maji. Hatari yake ni joto: simbilisi hatoi jasho na huzidiwa joto likipita nyuzi 27 au 28 kwa muda, hasa mwenye kifua kilichojaa. Beseni la maji yanayotokota mbele ya kizimba ni ajali inayosubiri siku yake.

Mafuta ya mikaratusi, mentholi, na zile dawa za kupaka kifuani za binadamu zisitumike kwa njia yoyote. Zinachoma njia ya hewa ambayo tayari ina kidonda. Kama huna nebulaiza, na bafu lako halikai na mvuke, basi kufuta pua mara nne kwa siku kunatosha. Si kila chombo ni cha lazima.

Kumlisha: aende mwenyewe au umsukumie?

Asiyekula kabisa anahitaji mililita 50 hadi 80 za uji kwa kilo kwa siku. Kwa wa gramu 500 ni mililita 25 hadi 40, zikigawanywa mara tano au sita. Unga maalumu wa wagonjwa walao majani ni bora kwa sababu una nyuzi za kutosha. Peleti za kawaida (tembe za chakula cha simbilisi) zisizo na nafaka nzima, zikilowekwa kwa maji ya vuguvugu, zikasagwa na kuchujwa hadi zipite kwenye bomba, zinashika nafasi hiyo vizuri. Uji wa nafaka au matunda yaliyopondwa haufai: una sukari na wanga, utumbo unachachuka na gesi inajaa.

Mfunge taulo, akae kwa miguu yake minne, kamwe asilazwe chali. Ingiza ncha ya bomba la mililita 1, lisilo na sindano, kutoka pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kwenye lile pengo. Sukuma mililita 0.3 hadi 0.5 tu, subiri uone taya zikitafuna, kisha rudia. Uji ukitoka puani, au akianza kukohoa, acha papo hapo. Anayepumua kwa mdomo asilishwe nyumbani hata kidogo, kwani chakula kitaingia mapafuni. Huyo ni wa oksijeni kwanza. Kwa anayekula nusu, mwache ale nyasi mwenyewe, umsaidie mara mbili tatu kwa siku, huku mizani ikikuambia kama umetosha.

Vitamini C inahitaji uamuzi wake, maana mnyama huyu hawezi kuitengeneza mwilini. Mzima anahitaji mg 10 hadi 30 kwa kilo kwa siku, mgonjwa mg 30 hadi 50. Kwa gramu 500, robo ya kidonge cha mg 100 kila siku, kilichosagwa na kuchanganywa na maji kidogo, kinatosha. Matone kwenye chupa ya maji ni fedha iliyomwagwa: vitamini huharibika ndani ya siku moja, na ladha humfanya anywe kidogo. Pilipili hoho nyekundu ni chanzo kizuri kwa anayetafuna (gramu 25 zina takribani mg 30), ila mgonjwa asiyetafuna hanufaiki nayo. Vidonge vyenye mchanganyiko wa vitamini nyingi viepukwe kwa sababu A na D hujikusanya mwilini.

Akae na nani, alale wapi?

Ukinunua wawili pamoja na mmoja akaugua, waache pamoja. Wameshavuta hewa moja, na kuwatenganisha kunaongeza upweke na kupunguza kula. Gharama yake ni kwamba huwezi kujua nani amekula nini, kwa hiyo pima wote wawili kila siku. Daktari aamue kama mwenzake atibiwe pia. Mwenzake akimfukuza kwenye chakula, hapo watenganishwe kwa wavu, wakionana.

Kwa wenyeji uliokuwa nao tangu zamani uamuzi ni mwingine kabisa. Mgeni hukaa chumba tofauti, si kona tofauti ya chumba kimoja, kwa sababu chafya husafiri hewani. Wahudumie wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha unawe mikono na kubadilisha nguo. Karantini ya wiki mbili ni ya chini, tatu ni bora. Na kwa aliyeugua hesabu ianze upya siku ya dalili ya mwisho, si siku aliyofika. Sungura asikae naye kamwe, awe mgonjwa au mzima: sungura hubeba Bordetella bila kuumwa. Mbwa pia anaweza kuibeba, basi anayekohoa asikaribie kizimba.

Katika matandiko, kitambaa kinachofuliwa hakina vumbi, lakini lazima kibadilishwe kila siku au mkojo utatoa amonia inayochoma pua. Ukiinama hadi usawa wa mnyama ukasikia harufu, yeye ameshaivuta usiku kucha. Matandiko ya karatasi hunyonya vizuri na vumbi lake ni dogo. Maranda ya msonobari yaliyokaushwa kwa joto yanavumilika kwa mzima, ila wakati wa ugonjwa yaondoe. Maranda ya mwerezi na vumbi la mbao havifai wakati wowote. Weka chumba kati ya nyuzi 18 na 24, pasipo upepo wa moja kwa moja. Kumfunika kizimba kizima kwa plastiki "asipate baridi" kunafungia unyevu na amonia ndani.

Mafua yakiisha, endelea kuangalia kichwa kwa wiki kadhaa. Maambukizi ya pua huweza kupanda hadi sikio la kati, na siku moja ukamkuta kichwa kimepinda upande, anazunguka au anajikuna sikio mfululizo. Hilo linahitaji dawa upya, kwa muda mrefu zaidi ya awali, na kadiri linavyoonwa mapema ndivyo kichwa kinavyokuwa na nafasi ya kunyooka.